Choo Kipya cha Bi Saumu

Choo kipya cha Bi Saumu kilikuwa kizuri kuliko chumba chake cha kulala. Kilikuwa na vigae vyeupe mpaka juu, bomba la chuma ukutani la kushikilia, dirisha dogo lenye wavu wa mbu, na sinki la kukaa ambalo mfuniko wake ulishuka wenyewe, taratibu, bila kelele. Majirani wa Kasingirima walikuja kukitazama, wakavua ndala mlangoni, wakasema mashaallah. Mama mmoja aliomba akae juu ya mfuniko kidogo tu, aone kunakuwaje. Kila mtu alikisifu, na Bi Saumu aliitikia sifa zote kwa adabu. Kukitumia, hapana.

Yeye aliendelea na kile cha zamani, cha shimo, nyuma ya nyumba. Kukifikia ulipita jiko la nje, ukashuka vidato vya mawe, ukavuka kipande cha udongo mwekundu ambacho mvua ikinyesha kinateleza kama kambale. Hapo ndipo alipoanguka masika yalipoanza, akaumia nyonga, na watoto wake wakaamua kumjengea choo cha ndani. Sasa choo kilikuwepo, nyonga ilikuwa imepoa, na mwanamke mwenye umri wa kubebwa alikuwa bado anakwenda nje kwenye matope, kajifunga kanga kiunoni na fimbo mkononi, kama anakwenda vitani.

Watoto walikuwa wawili. Haruna, mkubwa, alikuwa Dodoma kwenye ofisi ya serikali yenye kiyoyozi. Shadya alikuwa Tabora, ameolewa, anauza vitenge na kuendesha darsa la akina mama, na kwenye mambo ya dini hakuwa na mchezo hata kidogo. Walikuwa na kundi lao la WhatsApp lililoitwa "Mama Yetu", ambalo mama yao hakuwemo. Aliyekuwemo ni Genoveva, mjane wa makamo kutoka Kasulu, Mkristo safi, waliyemwajiri akae na mama. Genoveva alipika, akafua, akasugua vigae vya choo kisichotumika, na kila jioni akajifungia jikoni kutuma sauti. "Bibi leo amekwenda nje tena. Nimemwambia Bibi, choo hiki hapa. Akaniambia nimwache."

Sababu ilikuwa moja, na afadhali isemwe mapema, maana wenyewe walichelewa sana kuijua. Ukikaa kwenye sinki lile, unaangalia kibla sawasawa. Ujiji nzima, hata mtoto anayejifunza kutawadha anajua kwamba haja haifanywi ukielekea kibla wala ukiipa mgongo. Vyoo vya huko hukaa ubavu. Fundi Eliakimu alikuwa Mkristo, lakini alishajenga vyoo vya Ujiji vya kutosha, kwa hiyo kabla ya kumwaga saruji aliuliza kiti kielekee wapi. Haruna, aliyekuwa nyumbani kwa likizo akimsimamia, alinyoosha kidole bila kuinua macho kwenye simu. Kielekee mlangoni, alisema, kama hotelini. Bi Saumu alikuwa kibarazani akichambua dagaa. Alisikia. Akanyoosha shingo, akasubiri mwanawe ajirekebishe. Saruji ikamwagwa.

Kumrekebisha lilikuwa neno moja, lakini neno lenye mkia mrefu. Nyumba ile haikuwa ya zamani. Haruna na Shadya walikulia Kagunga, na nyumba ya Kagunga ilimezwa na maji ziwa lilipopanda. Ndipo wakamnunulia mama hii ya Kasingirima, kiwanja kilichokaa mshazari, mahali ambapo mtu asiyeswali hawezi kubahatisha kibla ni wapi. Mtu aliyeswali humo hata mara moja angejua. Haruna alikuwa amekuja likizo na sikukuu kadhaa, na kila adhana ilipokaribia alipata shughuli mjini, mara benki, mara bandarini kumtafuta rafiki. Bi Saumu alikuwa na wasiwasi wake. Kidole kile kikamwondolea wasiwasi na kumwachia uchungu. Sasa aseme nini, mbele ya fundi na majirani, yeye mjane wa Mwalimu Athumani aliyewafundisha Kurani watoto wote wa Kagunga? Aliinamia dagaa zake.

Hakukaa kimya bila kujaribu, wacha tumtendee haki. Alijaribu kukaa kwenye sinki upande upande, mguu mmoja huku, mwingine hewani, mkono kwenye bomba la chuma, na nusura aanguke ndani ya choo kilichojengwa asianguke. Alijaribu kumwita Eliakimu akigeuze kimyakimya, lakini Eliakimu alishapata kazi Uvinza. Fundi mwingine alikuja, akatazama vigae, akasema hawezi kuvunja kazi ya mwenzake mpaka aliyeilipia apige simu. Bi Saumu akamshukuru, akampa ndizi, akachukua fimbo yake na kwenda nje.

Kule Dodoma na Tabora mashauriano yalipamba moto. Shadya alidhani mama anaogopa sauti ya maji yakivutwa. Haruna alidhani hajui namna ya kukaa, akapiga simu kumweleza. Genoveva, kwa nia njema kabisa, aliweka simu kwenye sauti kubwa ili Bibi asikie vizuri. Kibarazani walikuwepo mashoga wake watatu na muuza mawese aliyekuja na ndoo yake. Wote wakamsikia mtoto wa Bi Saumu, msomi, akimfundisha mama yake jinsi ya kugeuka, kushusha makalio polepole na kutokuwa na hofu. Muuza mawese aliangalia ndoo yake muda wote. Simu ilipokatika, shoga mmoja alisema mtoto ana huruma, na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya samaki, migebuka hasa.

Baadaye Shadya alituma mzigo kwa treni, kupitia jirani aliyekuwa anatoka Tabora. Jirani akaufungua sebuleni mbele ya watu akidhani ni vitenge. Zilikuwa nepi za wakubwa, pakiti nzima, yenye picha ya bibi wa Kizungu anayecheka. Bi Saumu alisema atamgawia mwenye shida. Alisema kwa kicheko, na wageni wakacheka, lakini walipoondoka aliisukuma pakiti chini ya kitanda kwa fimbo na hakutaka chakula siku ile.

Halafu akaanguka tena, palepale. Safari hii ulikuwa mkono, haukuvunjika, ila ulivimba ukafungwa bandeji. Genoveva alituma sauti akilia. Haruna hakujibu kwenye kundi. Alimpigia mama moja kwa moja na kusema anakuja kumchukua, atakwenda kuishi Dodoma, mambo ya Ujiji yameisha.

Bi Saumu alipajua Dodoma. Aliwahi kukaa huko, ghorofani, kwenye nyumba ambayo majirani wanasalimiana kwa kufunga milango. Samaki walitoka kwenye friji wakiwa wagumu kama magogo. Mkwewe alikuwa mwema na hakuwahi kuwa nyumbani. Alishinda dirishani akitazama paa za bati, akitafuta bila kujijua mahali ambapo ziwa lingekuwa. Amezaliwa Ujiji, akaolewa Kagunga, maji yakamfukuza akarudi Ujiji alikoanzia, kwa mashoga zake, ugali wa muhogo na kikundi cha maulidi ambacho bado kinamngoja yeye aanzishe kaswida. Kuhamishwa mara ya pili alikuogopa kuliko kifo, na safari hii hakukuwa na ziwa la kulaumu.

* * *

Haruna alifika kwa basi, mikunjo ya safari usoni, na mfuko wa zabibu za Dodoma mkononi. Alimwamkia mama yake, akamkagua mkono, akaketi na kuanza kumhoji kama daktari aliyemwona kwenye televisheni.

"Mama, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mtoto niliyekunyonyesha miaka miwili na ukaondoka hujashiba," alisema Bi Saumu. "Kula."

Haruna alikula. Kulikuwa na mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, na kwa muda alisahau kilichomleta. Mama yake alimtazama akila na moyo ukamlainika. Angemwambia hapo. Wako wawili tu, Genoveva yuko bombani. Lakini alimwona amechoka, mvi zimemwingia kando ya masikio, na kwa jinsi alivyokuwa anafurahi na chakula kile alionekana kama wakati ule wa Kagunga. Akaona amwache amalize. Alipomaliza, Haruna alisema Shadya anafika kesho kwa treni, wasaidiane kufunga mizigo.

Hapo ndipo Bi Saumu aliposhtuka kweli. Haruna asiyejua kibla ni jambo moja. Shadya akijua kwamba Haruna hajui kibla ni jambo jingine kabisa. Yule binti anampenda kaka yake, lakini ana ulimi, na darsa lake Tabora lina wanawake wenye simu. Wiki haitaisha, ukoo mzima mpaka Bujumbura utakuwa unamwombea Haruna dua.

Asubuhi alifunga mlango wa choo kipya, akauzika ufunguo ndani ya pipa la unga wa muhogo. Genoveva aliyeingia kumsalimia kwa Kiha, "Mwakeye, Bibi," alimkuta na unga mpaka kwenye viwiko na bandeji yote nyeupe. Hakuuliza. Alikwenda jikoni kutuma sauti.

Shadya alifika mchana na vumbi la reli. Alimkumbatia mama, akalia kidogo, akaacha, akasema adhuhuri inampita, anataka choo atawadhe. Mama akasema kiko nje. Shadya akasema cha ndani je. Mama akasema ufunguo umepotea, tangu juzi, labda panya. Haruna na Shadya wakatazamana, kule kutazamana kwa watoto ambao wazazi wao wameanza kusema mambo ya panya na funguo. Genoveva, kwa nia njema kabisa, akaenda kwenye pipa la unga.

Shadya aliingia. Walisikia mlango ukifungwa, halafu kimya. Maji hayakusikika. Mlango ukafunguliwa, naye akasimama pale, mikono ya baibui imekunjwa mpaka kwenye viwiko.

"Nani alimwonyesha fundi upande wa kuweka kiti?"

Haruna alifungua mdomo. Alikuwa hajaelewa swali, ila aliona uso wa dada yake.

"Kiti kinaangalia kibla," alisema Shadya. "Moja kwa moja. Nani alimwonyesha?"

"Mimi," alisema Bi Saumu.

"Wewe, Mama?"

"Fundi aliuliza, nikamwonyesha. Nilichanganya. Baadaye nikakumbuka, nikaona haya kusema, ndiyo maana nakwenda nje." Alisema haraka na vizuri, kama mtu aliyekwisha kufanya mazoezi. Kisha akaongeza, "Wapo masheikh wanaoruhusu ndani ya jengo. Hao wakakae wao."

Hakuna aliyecheka. Alitegemea Shadya afoke, na kufoka huko angekuvumilia. Shadya hakufoka. Aliketi mkekani karibu naye, akamshika mkono mzima, na machoni mwake mlikuwa na huruma ambayo Bi Saumu hajawahi kuonewa na mtoto wake. Mama huyu ndiye aliyemfundisha yeye kuswali, na sasa amepoteza kibla ndani ya nyumba yake. Shadya alimgeukia Haruna, akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa anapinga moyoni habari ya Dodoma, lakini sasa ameona. Mama hawezi kubaki.

"Nimezeeka," alisema Bi Saumu. "Nifungieni nguo."

Basi wakafunga. Ni ajabu jinsi maisha ya mtu yanavyoingia kwenye begi moja na kubakiza nafasi ya zabibu. Bi Saumu aliketi akiwaelekeza: kanga ile ya mistari apewe shoga fulani, chungu cha mawese abaki nacho Genoveva, kuku wachinjwe au wagawiwe, ila jogoo asichinjwe, ana heshima zake. Genoveva alikunja na kukunjua kanga ileile. Haruna alibeba vitu visivyohitaji kubebwa. Hakumtazama mama yake hata mara moja. Alikuwa amekumbuka sasa, fundi, simu, kidole chake mwenyewe, na mwanamke mzee kibarazani na ungo wa dagaa.

Shadya alikuwa amesogeza begi pembeni. Alimwinua mama yake kwa upole, akamsimamisha katikati ya sebule, akamwelekeza kama anavyowaelekeza watoto wadogo wa madrasa.

"Mama, tazama. Kibla ni huku, kwenye kabati. Usisahau tena. Kibla ni wapi?"

"Huku," alisema Bi Saumu.

"Nyoosha mkono."

Bi Saumu akanyoosha mkono wenye bandeji, mbele ya Genoveva, kuelekea kabati ambalo kila alfajiri alisimama mbele yake kwa miaka yote aliyoishi humo.

"Huku," alirudia.

"Shadya, acha," alisema Haruna.

"Namkumbusha tu, kaka."

"Acha. Nilionyesha mimi."

Bi Saumu alishusha mkono. Alimtazama mwanawe kwa hasira ya kweli, ya kwanza tangu aingie.

"Nani amekuuliza wewe?"

"Mama alikuwa kibarazani," aliendelea Haruna, akiongea na sakafu. "Fundi aliniuliza mimi. Nikasema kielekee mlangoni. Mama hajasahau kitu."

"Ulisahau kibla?" aliuliza Shadya.

"Mtu anasahau alichokuwa anakijua. Sijawahi kuswali kwenye nyumba hii. Wala kwangu. Muda mrefu sasa."

Shadya alivuta pumzi, na katika pumzi ile waliona darsa zima likipanda, na aya zake na hadithi zake. Mama yake aliinua kiganja.

"Leo hakuna darsa."

Pumzi ikatoka bila maneno. Shadya alimtazama kaka yake, akamtazama mama yake, na polepole akaelewa kwamba amemfundisha mama yake kibla. Alifunika uso kwa mtandio, akabaki hivyo. Haruna alimwuliza mama kama alijua siku zote. Alijibiwa kwamba aliyembeba tumboni hashindwi kumjua. Akamwuliza tena, kwa shida, kama kweli angekubali kwenda Dodoma kwa ajili ya jambo hili.

"Ningekwenda," alisema Bi Saumu. "Ningekuchukia njia nzima mpaka Tabora. Lakini ningekwenda."

Genoveva akauliza kutoka mlangoni kama ina maana sauti zote zile alizituma bure. Shadya ndiye aliyeanza kucheka, chini ya mtandio, kicheko kilichochanganyika na kilio, kisha wote wakafuata, hata Haruna, ingawa yeye alicheka kama mtu anayekohoa.

Mambo yaliyobaki yalipangwa haraka, kama ambavyo yangepangwa tangu mwanzo wangeketi na mama badala ya kukaa kwenye kundi. Mama anabaki. Eliakimu alipigiwa simu Uvinza, akasema atakuja Jumamosi kukigeuza, na kwamba siku ile alishangaa sana, ila bosi akishasema, fundi ni nani. Shadya atakuwa anakuja kila mfungo unapokaribia na kukaa. Haruna atakuja likizo zote, na kile kipande cha udongo kitamwagiwa zege, choo kiwe ndani kisiwe ndani. Nepi zitarudi Tabora. Bi Saumu aliwekwa kwenye kundi la WhatsApp palepale, na ujumbe wake wa kwanza, alioandikiwa na Genoveva, uliagiza kundi libadilishwe jina, maana yeye si maiti ajadiliwe.

Adhana ya alasiri ilipopigwa Shadya aliingia chumbani kuswali. Genoveva alikwenda kufungua begi na kurudisha kanga mahali pake. Haruna alisimama sebuleni, akatafuta funguo za shughuli mfukoni kwa mazoea, akakuta hana shughuli yoyote.

"Njoo hapa," alisema mama yake.

Akaja. Bi Saumu alijiinua kwa fimbo, akaiegemeza ukutani.

"Sikulazimishi uswali. Umekuwa mtu mzima, hilo lina mwenyewe. Lakini mimi nitafia humu, Mungu akipenda, na mtoto wa kiume ni wewe peke yako. Siku hiyo dada yako atakuwa analia, hatafaa kitu. Wewe ndiye utakayenilaza. Sitaki umwulize jirani unielekeze wapi."

Mama alimshika mabega, mkono mmoja mzima na mmoja wa bandeji, akamgeuza kidogo kidogo, akamrudisha alipopitiliza, mpaka akasimama sawasawa mbele ya kabati.

"Huku," alisema.

"Huku, Mama," alisema Haruna, akanyoosha kidole.